Kwa nini vyuo vya wenzetu wageni wanatembezwa na wanafunzi, huku kwetu unaambiwa "ulizia mbele"?

#1 Mbena wa Boston
Wakuu, heshima kwenu.

Niko mwaka wa tatu chuo kimoja huku Massachusetts, na tangu muhula wa pili nafanya kibarua cha kutembeza wageni chuoni. Jumamosi saa nne asubuhi wazazi na watoto wao wa sekondari wanajaa ofisi ya udahili. Wanapewa maji, wanasikiliza maelezo nusu saa, kisha tunagawana: kila mwanafunzi watu 15 mpaka 20. Tunawazungusha saa moja na robo: maktaba, maabara, bwalo, uwanja wa michezo, chumba kimoja cha bweni. Hakuna mhadhiri wala ofisa anayetufuata. Maneno ya kukariri hatupewi, tunapewa njia ya kupita na mambo machache ambayo lazima tuyataje, mengine unajaza mwenyewe.

Sasa mimi kijana wa Njombe, Kiingereza changu bado kina baridi ya kwetu, naaminiwa kuliko mkuu wa udahili aliyetoka kuongea dakika tano zilizopita. Kila ziara lazima mama mmoja anivute pembeni: "Kijana, niambie kweli, chakula kikoje?"

Likizo iliyopita nilikuja nyumbani, nikampeleka mdogo wangu aangalie vyuo viwili kabla ya kuomba. Cha kwanza mlinzi getini: "Mna shida gani?" Tumekuja kuangalia chuo. "Kuangalia nini hasa?" Cha pili tuliingia, ila kila tuliyemuuliza alitujibu "ulizia mbele". Tukaulizia mbele mpaka tukatokea geti la nyuma.

Kwa nini wao wanawakabidhi wanafunzi kazi hii, na kwa nini sisi hatuna kabisa?

#2 Siti ya Dirishani
Nimekaa paleee. Ngoja waje waliosoma.

#3 Kimbweta cha Kati
Mleta mada, jibu ni pesa, tusizunguke. Huko uliko vyuo vingi vya binafsi vyenye majina, ada peke yake inapita dola 60,000 kwa mwaka. Ukiuza kitu cha bei hiyo lazima umruhusu mteja akishike. Gari tu huwezi kununua bila kuliendesha.

Kwetu nani anamtafuta nani? Mwombaji ndiye anayekitafuta chuo. Enzi zetu ulikuwa unajaza machaguo kwenye mfumo wa TCU, Tume ya Vyuo Vikuu, mfumo unakupangia, unashukuru Mungu. Tangu 2017 watu wanaomba moja kwa moja chuoni, lakini akili za vyuo bado ziko kwenye kupangiwa.

#4 Bi Ngedere
Kimbweta umeongea ila umesahau kitu. Nani kasema sisi hatuna? Tunayo, haina ofisi tu.

Mimi 2009 nilishuka Ubungo na basi la Kigoma, sanduku la bati kichwani kwa mtu. Nilipokelewa na binti wa shangazi yangu aliyekuwa mwaka wa pili. Akanipeleka Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, siku mbili nzima tukatembea: hapa Utawala, hapa ukumbi wa Nkrumah, hapa Yombo, daladala ya Mwenge unapandia hapa, usinunue chakula pale, huyu mama wa chipsi anakopesha. Usiku nikalala kitandani kwake mzungu wa nne, maana chumba sikuwa nimepata, tukabebana mpaka Novemba. Hiyo siyo kutembezwa? Nimetembezwa mpaka kulala!

Sisi tunatembezwa na ndugu. Asiye na ndugu ndiye anayeulizia mbele.

#5 Kijana wa Mpwapwa
@Bi Ngedere hapo mwishoni ndipo penyewe. Mimi sikuwa na shangazi wala binti wa shangazi. Nilifika chuo kimoja cha mkoani, sikitaji, nikawauliza jamaa wawili wamekaa kwenye vimbweta wapi wanasajili. Wakasimama kwa heshima zote, "karibu sana mdogo wetu", wakanielekeza. Nimetembea robo tatu saa na begi juani nikatokea kwenye mabwawa ya majitaka. Narudi nawakuta palepale, wanaulizana nani anadaiwa soda.

#6 Siti ya Dirishani
😂😂😂 Waliwekeana dau!

#7 Hesabu Ndogo
Kimbweta anasema wanauza. Kweli, lakini muuzaji mwenyewe analipwa ngapi? Mwanafunzi ni nguvu kazi ya bei rahisi, basi. Ofisa wa kufanya kazi hiyo angetaka mshahara, bima na likizo. Mwanafunzi unampa fulana.

Mbena, tutajie malipo tusikie. Au ni fulana kweli?

#8 Mbena wa Boston
@Hesabu Ndogo kwetu tunalipwa kwa saa, kima cha chini cha jimbo, dola 15. Na fulana pia tunapewa, usinichokoze. Ila umegusa ukweli: vyuo vingine ni kazi ya kujitolea kabisa, na bado watu wanagombania. Kwetu waliomba wengi mwaka wangu, tukafanyiwa usaili wa makundi na kutembeza wazee wa kazi kama majaribio. Kwa hiyo urahisi peke yake hauelezi. Mtu anagombaniaje kazi isiyolipa?

@Bi Ngedere shikamoo dada. Hiyo ya kwako imenipata. Ndugu anakuonyesha mama wa chipsi anayekopesha. Mimi sijawahi kumwonyesha mgeni mtu wa kumkopesha.

#9 Papasi Mstaafu
Nimetembeza wageni Mji Mkongwe, Zanzibar, miaka kumi na moja, mwanzo papasi, yaani bila kibali, baadaye na kitambulisho. Naomba niseme la kiufundi maana naona mnajadili uchumi tu.

Mgeni haamini maneno, anaamini mtu. Ukimwambia "jengo hili lina miaka mia na kitu" atatikisa kichwa. Ukimwambia "bibi yangu alikuwa akipita hapa kwenda sokoni, mlango huu anaukwepa kwa kuwa mwenye nyumba alikuwa mkali", atapiga picha mlango. Mwanafunzi ana mlango wake. Ofisa hana.

La pili: kivuli. Usiseme neno mpaka watu wote wawe kivulini. Mgeni aliye juani hasikii, anahesabu dakika. Nimeona mtu kasomea historia chuo kikuu, anajua kila sultani, anawaelezea watu wa baridi saa saba mchana pale Forodhani bila mti. Watu wameiva wanaitikia "yes, yes".

Mbena hebu tueleze, ni kweli huko mnatembea kinyumenyume? Mgeni mmoja aliniuliza mbona situmii mtindo huo. Nikamwonyesha kichochoro na vespa inayokuja.

#10 Mbena wa Boston
Kweli kabisa. Uso kwa wageni, mgongo kwa uendako. Wanakwambia ni ili sauti ifike na uone nani anabaki nyuma. Unajifunza kusoma macho ya watu: wakiangalia chini ujue kuna ngazi nyuma yako.

Oktoba ya mwaka wangu wa pili nilikuwa na kundi la watu 18, majani ya vuli yamelowa. Nilikuwa nasema "chuo chetu kinajali sana usalama wa wanafunzi" huku naonyesha zile nguzo za taa ya bluu zenye kitufe cha kuitia askari. Nyuma yangu kuna kijana kaegesha baiskeli. Kilichofuata nimelala chali, mguu mmoja umeingia katikati ya sipoku, karatasi za ramani zinapepea. Kimya. Halafu mzee mmoja akauliza kwa upole kabisa: "Hiyo taa ya bluu tubonyeze?"

Vyuo kadhaa siku hizi vimeacha huo mtindo, vinasema utembee mbele kama binadamu, ukifika usimame, ugeuke, uongee.

#11 Siti ya Dirishani
"Kama binadamu" 😂 Bila picha hii ni chai lakini chai tamu.

#12 Wa Kahawa
Nyinyi Wabongo mnasema hamna, huku Kenya hiyo kitu iko kitambo, ila kwa basi la shule. Kidato cha nne mnapakiwa na mwalimu, mnapelekwa chuo kikuu mjionee ndio mtie bidii kwa mtihani wa KCSE. Sisi tulitoka Kitui saa tisa usiku, mkate na soda kwa mfuko. Chuo Kikuu cha Nairobi tukapigwa picha kwa ile Chemchemi ya Maarifa, alafu tukapelekwa Kenyatta University. Msichana wa mwaka wa pili ndiye alituzungusha. Mwalimu alikuwa amemwambia aongee vile alisoma kwa bidii. Yeye akatuambia: "Hapa hakuna kengele. Hakuna mtu atakuamsha. Ukilala, umelala."

Miaka yangu yote minne pale nilikumbuka hiyo. Maktaba siikumbuki.

Na hakuna mtu alituambia pale palikuwa kambi ya jeshi la Waingereza, Templer Barracks, kabla ya serikali kupafanya chuo. Nilijua nikiwa tayari mwanafunzi.

#13 Mzee wa Lumumba
Vijana, hamjambo. Nimesoma wote mpaka hapa. Mnaongea kama vile kutembeza wageni ni mauzo au ni undugu. Mlimani tulikuwa tunatembeza wageni miaka ya sabini, na tulikuwa wanafunzi, na hatukulipwa hata soda. Walikuwa wanakuja wapigania uhuru, waandishi, wanafunzi kutoka Ulaya. Unampeleka Nkrumah unamwambia hapa mwanahistoria Walter Rodney alisimama, hapa Museveni alikuwa anabishana na wenzake. Ilikuwa fahari. Chuo kilikuwa na la kusema, na sisi tulikuwa na la kusema juu ya chuo.

Chuo kile kilianza 1961 pale Mlimani na wanafunzi wasiofika hata 20, wote wa sheria. Mpaka jengo la Nkrumah likawekwa kwenye noti ya elfu moja! Sasa nani leo ana hamu ya kumtembeza mtu?

#14 Kimbweta cha Kati
Shikamoo mzee. Masahihisho mawili kwa heshima.

Moja, 1961 chuo hakikuanzia Mlimani. Kilianzia mjini, mtaa wa Lumumba, kwenye jengo la TANU, kikiwa tawi la Chuo Kikuu cha London. Mlimani walihamia 1964. Na jina lako lenyewe ni Lumumba, mzee wangu!

Mbili, noti ilikuwa ya mia tano, ile yenye Karume mbele. Nyuma Nkrumah na wahitimu na majoho yao. Elfu moja nyuma ni Ikulu.

#15 Mzee wa Lumumba
Marahaba. La kwanza umenishika, kalamu iliteleza, nilifika pale majengo yakiwa tayari. La pili nimekwenda kutafuta noti kuhakikisha nikakuta mia tano zote ndani ni sarafu. Nakubali.

Lakini hoja yangu haijajibiwa.

#16 Bi Ngedere
Mzee shikamoo. Hoja yako nzuri ila fahari ina pembe zake. Ulipokuwa ukiwatembeza wageni, ulikuwa ukiwaonyesha na ukuta wa Mzee Punch?

Kwa wasiojua: Mzee Punch ilikuwa michoro na maandishi ya kubandika ukutani pale Mlimani, wenye nayo hawajulikani, wakimsema mtu mpaka basi. Ilianza kama kejeli kwa wakubwa, ikaishia kuwinda wasichana. 1990 binti mmoja akajitoa uhai baada ya kusakamwa, ndipo chuo kikaipiga marufuku. Mimi nilikuta haipo, ila yule binti wa shangazi alinieleza tukiwa tumesimama nje ya bweni la Hall 3, usiku wa kwanza. Hiyo nayo ni sehemu ya kutembezwa.

Mbena, nyie huko mnasema mambo hayo?

#17 Mbena wa Boston
Dada umeniuliza swali ambalo kwenye mafunzo lina dakika tano tu.

Hatukatazwi kusema. Tunaambiwa "jibu kwa uzoefu wako mwenyewe". Ukiulizwa usalama, unasema nguzo za taa ya bluu, unasema wewe binafsi unajisikia salama. Ni kweli, mimi kijana wa futi sita najisikia salama. Tunachoonyesha kimechaguliwa: kile chumba cha bweni hakuna anayelala mle. Kitanda kimetandikwa mwaka mzima, mezani kuna kamusi na mmea wa plastiki. Wazazi wanauliza "ni cha nani?" Mimi nasema ni cha maonyesho, ila kuna wenzangu wanajibu "cha rafiki yangu".

Hadithi pia tunachagua. Harvard, jirani yetu, kuna sanamu ya John Harvard ya mwaka 1884, wenyewe wanaiita sanamu ya uongo mitatu: imeandikwa mwanzilishi na hakuwa mwanzilishi, imeandikwa 1638 na chuo ni cha 1636, na sura siyo yake, mchongaji alimkalisha mwanafunzi maana picha ya Harvard haipo. Wageni wanashika kiatu wapate bahati, kiatu kinang'aa kama sufuria ya Krismasi. Uongo huo wageni wanaambiwa kwa kicheko. Kinachosemwa kuhusu kile kiatu usiku, wageni hawaambiwi mpaka washike kwanza.

#18 Siti ya Dirishani
Usiku wanakifanyaje kiatu???

#19 Papasi Mstaafu
@Siti ya Dirishani wanakikojolea, ndiyo maana yake. Nami nimeshaona wageni wakishika misumari ya mlango kwa bahati, mlango wa dukani uliochongwa mwaka jana. Sikusema kitu. Biashara.

#20 Askari wa Geti
Niko kazini natumia simu ya mwenzangu nitaandika kifupi. Mimi ndiye huyo mlinzi mnayemsema, siyo wa chuo hicho ila wote ni sisi. "Mna shida gani" ndiyo salamu ya kazi. Mtu anakwambia nimekuja kuangalia chuo. Sawa, ukimruhusu jioni laptopu tatu zimeondoka Hall, anayeandikiwa barua ni nani? Ni mimi. Kwenye daftari langu kuna safu ya "anakwenda kumwona nani". Hakuna safu ya "anaangalia". Nileteeni mwanafunzi aseme hawa ni wageni wangu, aweke sahihi, mimi nawapigia saluti.

#21 Hesabu Ndogo
Huyu ndiye aliyejibu swali. Wengine wote tulikuwa tunaandika insha. Safu moja ya daftari!

#22 Kimbweta cha Kati
Hapana bwana. Safu haipo kwa sababu hakuna aliyeihitaji, tunarudi palepale kwenye pesa. Siku chuo kikikosa watu, safu itachorwa kwa rula. Angalia maonyesho ya vyuo vikuu pale Mnazi Mmoja kila mwaka: nani anajaza mabanda? Vyuo vya binafsi wanakuita kwa kipaza sauti, wanakupa kalamu na kofia.

#23 Kijana wa Mpwapwa
Mnazi Mmoja unatembezwa kwenye banda la mita tatu. Nilipewa kalamu sita na kofia mbili, sikuambiwa mabweni yako umbali gani na madarasa. Mdogo wangu yuko UDOM, Chuo Kikuu cha Dodoma, eneo lile ukitaka kumtembeza mgeni kwa miguu andaa na chakula cha njiani. Kutoka kitivo kimoja kwenda kingine anapanda gari. Huyo Mbena atembee kinyumenyume pale tuone.

#24 Jengo Kuu
Naandikia Kampala, Kiswahili changu mnisamehe. Makerere wageni wanatembezwa, na wanafunzi wapya wanatembezwa na watu wa bweni lao: Lumumba wanakuonyesha ulimwengu unaoanzia Lumumba, Mitchell wanakuonyesha mwingine kabisa. Ukitembezwa na bweni mbili unaona vyuo viwili. Jengo Kuu lilipoungua Septemba 2020, mimi ndiye niliyekuwa nawaonyesha ndugu zangu waliokuja: tulisimama nje ya uzio, sina la kuonyesha, nawaonyesha dirisha bila kioo. Mmoja akalia, na hakusoma pale. Limefunguliwa tena 2024.

Kwa hiyo mimi nafikiri si pesa, si geti. Ni kama una kitu unachokiita chako.

#25 Mzee wa Lumumba
Huyu wa Kampala ndiye aliyenielewa.

#26 Hesabu Ndogo
Mzee, ukiwa na kitu chako unakifungia geti au unakifungua? Tusiende kwenye mashairi. Na Mbena hajajibu: kama siyo dola 15, unafanya kwa nini?

#27 Mbena wa Boston
Nimefikiri tangu asubuhi. Mwanzo ilikuwa dola 15, sitadanganya, nilikuwa natuma kitu nyumbani. Baadaye nikagundua ni saa pekee kwenye wiki nzima ambapo watu 18 wanataka kunisikiliza. Darasani nakaa nyuma, nafikiria kila sentensi mara mbili. Pale mbele mimi ndiye mwenyeji. Mgeni ananiuliza choo kiko wapi nami najua.

Kuhusu chakula, yule mama, huwa namwambia: wali wao haujaiva, beba pilipili. Hakuna aliyenishitaki bado.

#28 Bi Ngedere
Wali haujaiva 😂 Mdogo wangu, hapo umemtembeza mtu kweli.

#29 Kijana wa Mpwapwa
Wakuu nina shida ya kweli sasa. Kuna mtoto wa jirani yangu, msichana, amemaliza kidato cha sita, anataka kuiona Mlimani kabla hajaomba. Hana ndugu Dar. Mimi naweza kumfikisha Ubungo tu, narudi kazini. Nani yuko karibu?

#30 Askari wa Geti
Awe na kitambulisho na jina la mwenyeji wake. Jina moja, siyo "wa kwenye mtandao".

#31 Bi Ngedere
Namchukua mimi, naishi Makongo. Nitumie namba inbox. Jumamosi saa mbili, kituo cha Utawala, kabla jua halijakaza, nimemsikia Papasi. Nitamwonyesha Nkrumah, ile maktaba mpya inayoingiza watu 2,100 kwa mara moja, hosteli za Magufuli, na mama wa chipsi kama bado yupo. Hall 3 nje tutasimama kidogo.

#32 Kijana wa Mpwapwa
Mungu akubariki dada. Abebe nini?

#33 Bi Ngedere
Maji na viatu vya chini. Mkate asishike mkononi, ngedere wa pale hawaulizi una shida gani.